Taa ya Injini na Watu Kumi na Wanne

2 Desemba, Jumatatu

Fundi Laiford ameniagiza niandike, kwa hiyo naandika.

Leo asubuhi, tukipanda kilima cha Chinamwali, taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi, ile ya manjano yenye umbo la injini. Gari lilitetemeka kidogo kama mtu aliyeshikwa na homa, kisha likatulia. Mume wangu Gresham ndiye aliyekuwa akiendesha. Alisema gari lililoundwa mwaka 1999 lina haki ya kulalamika. Jioni tulipofika gereji, taa ilikuwa imezimika yenyewe.

Laiford alichomeka mashine yake ndogo chini ya usukani, ikatoa namba. Akasema namba hiyo maana yake injini inaruka mapigo, tena si silinda moja, ni zote nne, bila mpango. Nikamwuliza sababu. Akasema mashine haijui sababu, inajua panapouma tu. Hakubadilisha kitu wala hakutaka ujira. Alinitaka nitafute daftari niandike kila siku mambo manne: taa imewaka au la, mvua imenyesha au la, tumekwenda umbali gani, na mafuta yametiwa lini.

"Wewe ni mwalimu wa kemia," alisema. "Mimi nikikisia, utanicheka."

Gresham akamwambia watu wa kaskazini wanapenda kuandika hata idadi ya kuku wa jirani. Laiford ni mtu wa huko, wa Rumphi. Hakucheka, lakini hakukasirika pia.

3 Desemba

Taa haikuwaka. Mvua haikunyesha. Nyumbani hadi shuleni na kurudi.

4 Desemba

Taa haikuwaka. Manyunyu. Gresham alishinda kwenye foleni ya petroli, akarudi magharibi na tangi nusu. Wengine wamekosa kabisa. Yeye amestaafu, ana muda.

5 Desemba

Mvua kubwa kwa saa mbili. Taa imewaka karibu na soko la Mpondabwino. Gari lilitetemeka tena.

6 Desemba

Mvua. Taa.

7 Desemba

Mvua asubuhi. Taa imewaka tukielekea shambani kwetu Thondwe kupanda mahindi. Sasa naona mwelekeo. Maji yanaingia mahali.

11 Desemba, Jumatano

Nilimpelekea Laiford daftari. Alisoma kurasa mbili polepole, akiweka kidole chini ya kila mstari, akauliza mbona siku ya mafuta nimeiandika mara moja tu. Nikamwambia tatizo ni mvua, linaonekana wazi. Akasema huenda. Akafungua boneti, akatoa plagi, akakuta unyevu kidogo kwenye matundu mawili. Akakausha na kusafisha.

Alipokuwa akirudisha gari uani aliliendesha mbele na nyuma, halafu akashuka na kusema klachi imelika kabla ya wakati wake. Anayeendesha, alisema, mguu wake wa kushoto hauachi pedeli.

Lilikuwa jambo baya kumwambia Gresham. Ameendesha magari ya serikali miaka thelathini na moja. Amebeba makatibu wakuu watano na mabosi wasiohesabika, na hajawahi kugusa hata mbuzi. Alimtazama Laiford, akaniambia, "Mama Yankho, panda twende. Huyu sasa anatafuta kazi."

Njiani nilifikiri hivyo pia. Umeletewa taa, unazungumzia klachi.

14 Desemba

Mvua. Taa.

15 Desemba

Kanisani. Hatukutumia gari, petroli imekwisha. Gresham atapanga foleni kesho.

18 Desemba

Shule imefungwa. Taa imewaka. Mvua.

21 Desemba

Nimeagiza plagi nne mpya kutoka Limbe, za kampuni nzuri, zikiwa bado ndani ya maboksi yake. Laiford amezifunga. Nilisimama pale lakini simu ililia. Alikuwa binti yetu Yankho kutoka Mzuzu, nikaondoka kando kuongea. Niliporudi boneti ilikuwa imeshafungwa.

22 hadi 26 Desemba

Taa haikuwaka. Mvua siku zote tano. Gari linakwenda kama jipya. Krismasi tulikula kuku, na Gresham alisinzia kitini kabla ya saa moja, viatu miguuni. Siku hizi anasinzia sana.

28 Desemba, Jumamosi

Jana Gresham alitia mafuta. Leo jua kali tangu asubuhi, barabara kavu, na taa imewaka.

Kwa hiyo si mvua. Nilikaa na jambo hilo kutwa. Kama si mvua, kilichobaki ni plagi, na plagi ni mpya. Isipokuwa kama si mpya.

30 Desemba

Niliazima spana kwa jirani nikazitoa plagi mwenyewe. Nyeusi zote nne, zina masizi mazito kama sufuria ya kuni. Plagi za siku tisa haziwezi kuwa hivyo. Hizi ni kuukuu. Zangu ameziweka kwenye gari la mtu mwingine.

3 Januari, Ijumaa

Nilikwenda gereji peke yangu nikaziweka plagi zote nne juu ya meza yake. Sikupaza sauti. Nilimwambia nafundisha watoto mia mbili kila mwaka na namjua mwizi kwa jinsi anavyotazama chini.

Laiford hakutazama chini. Alizichukua moja moja, akazigeuza, akasema hizi ndizo alizozifunga, masizi yanatokana na kinachochomwa. Akaniuliza kama nimeandika siku za mafuta. Nikamwambia daftari halikuja kumtetea yeye.

"Halijaja kumtetea mtu, Mama Mwalimu. Lisome tu."

Niliondoka. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisikiliza. Mmoja alichukua funguo zake akaondoka nyuma yangu.

6 Januari

Shule imefunguliwa. Fundi mwingine wa mjini ametufungia plagi nyingine na kubadilisha sensa ya bomba la moshi. Wakati wa chai niliwaeleza walimu habari ya plagi. Nilieleza vizuri, nina ushahidi, niliuleta ndani ya mkoba nikawaonyesha. Walishangaa, kwa sababu magari yao karibu yote yako kwa Laiford.

9 Januari

Taa imewaka. Mvua.

12 Januari

Baada ya ibada, akina mama waliniuliza kama ni kweli. Nikawaambia ni kweli.

13 Januari

Jua. Taa.

17 Januari

Hakuna petroli mji mzima. Natembea. Miguu inauma lakini kichwa kimetulia.

20 Januari

Gresham amepata mafuta. Aliondoka alfajiri, akarudi saa moja usiku. Nilimwambia anajiumiza. Akasema foleni ni kukaa tu.

22 Januari

Taa. Mvua nyingi, mto Likangala umejaa hadi karibu na daraja.

24 Januari

Nilipita kwa miguu mbele ya gereji ya Laiford. Kuna gari moja tu, halina magurudumu, nalo lipo tangu mwaka juzi. Yeye alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja akimenya embe. Alinisalimia, nami nikaitika.

27 Januari

Mwalimu wa jiografia anasema Laiford ameuza mashine yake ya kupimia. Alisema kama mtu anayeleta habari njema. Sikuifurahia kama nilivyotarajia.

31 Januari

Mwalimu mkuu, Bwana Chitsonga, amehamishiwa Mangochi. Tulimuaga kwa soda na maandazi.

1 Februari, Jumamosi

Leo ni siku ya kuandika kwa kirefu.

Tulikuwa tunakwenda Thondwe na mbolea ya mahindi. Gresham alikuwa ametia mafuta jana. Kabla hatujafika nusu ya njia taa iliwaka, safari hii haikutulia, ikawa inapepesa. Gari likakohoa mara tatu likazima katikati ya barabara, mvua ikimwagika hata wipa haionyeshi kitu. Nyuma yetu lori lilipiga honi.

Nilishuka nikasukuma. Nikamwita Gresham ashuke tusukume wote. Akasema lazima mtu ashike usukani. Nikamwambia usukani mtu anaushika dirishani huku anasukuma, nimemwona akifanya hivyo mara mia. Akasema, "Sukuma tu, Mama Yankho." Nina miaka hamsini na sita. Nilisukuma peke yangu, gauni limenigandama, mpaka wanaume wawili waliokuwa wamejikinga kwenye kibanda cha mkaa wakaja kunisaidia. Mmoja wao akachungulia dirishani na kumwuliza Gresham, "Vipi mzee, wewe ndiye waziri?" Gresham alitazama mbele.

Katika miaka thelathini ya ndoa sijawahi kumwonea aibu mume wangu. Leo nilimwonea.

Tulisubiri karibu saa nzima. Alipowasha tena, injini ilikubali kwa shida, na moshi wa nyuma ulikuwa na harufu. Nilikuwa nimesimama karibu na bomba kwa hiyo niliipata vizuri. Naijua harufu hiyo tangu utoto. Ni harufu ya chumba tulichosomea mimi na dada zangu, tukiwa tumezunguka kibatari.

3 Februari, Jumatatu

Baada ya vipindi nilibaki maabara. Nilikuwa nimenyonya petroli kidogo kutoka kwenye tangi letu kwa mpira, nikaiweka kwenye chupa ya dawa. Petroli ya kulinganisha niliipata kwenye dumu la jenereta ya shule, ambayo mhasibu huinunua kituoni na kuandikiwa risiti.

Nilichukua karatasi mbili za kuchujia. Juu ya moja nikadondosha tone la jenereta, juu ya nyingine tone letu. Kwanza yakafanana, duara mbili za maji maji. Petroli halisi hukauka yote na kuacha karatasi ilivyokuwa. Baada ya dakika nane tone la jenereta halikuonekana lilipokuwa. Tone letu lilikauka pembeni, katikati likabaki doa la mafuta ambalo ukilielekeza kwenye dirisha linapitisha mwanga. Nikarudia mara tatu. Kisha nikachukua petroli ya jenereta nikaichanganya mwenyewe na mafuta ya taa, sehemu nne kwa moja, nikadondosha. Doa lilelile.

Mafuta ya taa kwenye injini ya petroli hayaungui vizuri. Yanaacha masizi. Yanafanya injini iruke mapigo, silinda zote, bila mpango.

Niliziweka plagi zile nne nyeusi kando ya karatasi. Zilikuwa zangu, zile za Limbe. Alama ya kiwanda ilikuwa bado inasomeka chini ya masizi. Siku ile sikuifuta ili nione.

4 Februari

Nimelisoma daftari tangu mwanzo. Kila nilipoandika kwamba Gresham ametia mafuta, taa imewaka siku iliyofuata au ya pili yake. Desemba nne, tano. Desemba ishirini na saba, ishirini na nane. Januari ishirini, ishirini na mbili. Mara nyingine sikuandika siku ya mafuta, lakini nakumbuka. Hakuna mara moja iliyokwenda kinyume. Wiki ya Krismasi ilinyesha siku tano mfululizo na taa haikuwaka, kwa sababu tangi lilikuwa karibu tupu na Laiford alikuwa ametutilia lita chache kutoka kwenye dumu lake ili ajaribu plagi. Sikuliandika hilo. Sikuona umuhimu wake.

Mwanafunzi wangu akiniletea jaribio la namna hii, ameandika safu moja na kuacha nyingine kwa sababu jibu analo tayari, humpa sifuri.

Sasa lawama ni ya kituo. Wanachanganya. Kesho nitakwenda.

5 Februari, Jumatano

Kituo ni kile cha karibu na stendi. Msichana anayeshika pampu ni Ethel Namagowa, nilimfundisha kidato cha tatu. Foleni ilifika mpaka posta; watu walikuwa wakisukuma magari kwa mikono ili wasipoteze mafuta kidogo waliyo nayo. Nilimvuta Ethel kando nikamwambia kwa upole kwamba petroli wanayomuuzia mume wangu ina mafuta ya taa.

Alishangaa. Akasema, "Madam, Baba Yankho hanunui kwetu."

Nikamwambia ananunua, hushinda hapa kutwa nzima.

Akatazama chini, na mara hii nilijua kutazama chini si lazima kuwe wizi. Alisema Baba Yankho hajaonekana pale tangu mwezi wa kumi na moja. Siku ya mwisho foleni ilikuwa ikisogea, na gari letu halikusimama lilipotakiwa. Liligonga la mbele, kisha likaruka likagonga tena. Mwenye gari alishuka akamtukana. Watu walicheka. Mmoja akasema mzee arudishwe shule ya udereva. Gresham aliomba radhi, akageuza gari, akaondoka. Ethel alidhani najua.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Gresham alikuwa barazani na redio yake. Nilimwuliza petroli anainunua wapi. Akasema kituoni. Nikamwambia nimetoka kwa Ethel.

Alizima redio. Nilikuwa nimesimama na mkoba mkononi kama mgeni. Mwishowe akaniambia ananunua kwa vijana wa madumu kwenye njia ya Jali. Akishajaza, huenda kuegesha gari nyuma ya uwanja wa mpira, anakaa ndani peke yake mpaka jua lizame, ndipo anarudi nyumbani, nipate kuamini alikuwa kwenye foleni.

"Kutwa nzima?" nilimwuliza.

"Ningerudi mapema ungeuliza."

Nikamwuliza sababu. Hakutaka kusema. Nilipomwuliza mara ya tatu aliinama akafungua kamba za kiatu cha kushoto, akavua soksi. Soksi ilikuwa imeganda. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu, kina weupe pembeni, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi. Harufu ilinijia. Nilikuwa nikiisikia kwa wiki kadhaa nikadhani ni panya amefia darini.

"Kinauma?" nilimwuliza.

"Ndiyo shida yenyewe. Hakiumi. Hata klachi siisikii. Nakanyaga, sijui kama nimekanyaga."

Baba yake alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari akiwa na miaka sitini. Gresham ana sitini na mbili. Alisema alikuwa akingoja msimu wa mvua upite kwanza, mahindi yakomae, ndipo aniambie. Alisema tangu kijana hajawahi kuwa kitu kingine, ni dereva tu.

Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikamwosha mguu. Alitazama pembeni wakati wote.

6 Februari

Hospitali. Sukari yake ni ya juu mno, muuguzi alipima mara mbili. Wamemlaza. Nimeendesha mwenyewe, taa ilikuwa inawaka njia nzima.

7 Februari

Hospitali.

10 Februari

Wamemkata vidole viwili. Daktari anasema tungechelewa mwezi mmoja ingekuwa mguu. Yankho amewasili kwa basi kutoka Mzuzu.

13 Februari

Hospitali. Anakula. Analalamika chumvi haipo, hiyo ni dalili njema.

15 Februari, Jumamosi

Yankho amebaki na baba yake, mimi nikaenda kwa Laiford na daftari, karatasi za kuchujia na zile plagi. Alikuwa na baiskeli ya mtu ameigeuza juu chini. Anatengeneza baiskeli sasa.

Nilimweleza yote, tangu kituoni hadi vidole. Nilikuwa nimejiandaa njiani lakini maneno yalitoka vibaya. Aliposikia habari za mguu aliacha kuzungusha gurudumu. Akasema alidhani Baba Yankho anaendesha huku amelewa, ndiyo maana ile siku ya klachi hakutaka kusema zaidi mbele yangu.

Kisha akaichukua karatasi yenye doa, akaielekeza juani kama nilivyofanya mimi. Ndipo nikamwona akitabasamu mara ya kwanza.

"Umetia mafuta ya taa, taa ikawaka," alisema. "Hapo hata mashine sikuihitaji."

Nilimwomba radhi. Alisikiliza, akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikasema tutamnunulia mashine nyingine. Akatikisa kichwa.

"Mashine nitanunua mwenyewe, Mama Mwalimu. Kuna jambo ambalo siwezi kujifanyia. Maneno yale uliyasema mbele ya watu wangapi?"

Nikasema sijui.

"Wewe unaandika hata manyunyu. Hesabu."

Nilihesabu nimesimama palepale. Chumba cha walimu, tisa. Kanisani, watano. Wale wawili wa benchini, alisema, ameshaongea nao mwenyewe.

"Kumi na wanne," nilisema.

"Basi waambie hao kumi na wanne. Mmoja mmoja. Ukiwaambia kwa pamoja, kila mtu atadhani unamwambia jirani yake."

Sikumwambia kwamba ni adhabu kubwa. Yeye alikuwa ameshachukua mpira na ndoo, akaingia chini ya gari letu kumwaga tangi.

16 Februari

Akina mama wawili, baada ya ibada. Mmoja alinikumbatia. Wa pili aliniuliza vidole vimezikwa wapi.

18 Februari

Walimu watatu, kila mmoja peke yake. Mwalimu wa hisabati alisema alijua tangu mwanzo kwamba Laiford hana kosa. Nikamwuliza mbona alihamisha gari lake. Akaangalia saa.

19 Februari

Walimu wawili.

21 Februari

Gresham amerudi nyumbani na magongo. Mahindi mabichi yameanza, Yankho amechoma. Gresham aliuliza gari liko wapi. Nikamwambia liko kwa Laiford. Aliuliza kama Laiford anajua. Nikasema anajua yote. Akala punje chache, akasema basi ni afadhali mtu mmoja ajue, kumbe inachosha.

24 Februari

Mwalimu wa jiografia. Huyu ndiye aliyeieneza kuliko wote, mpaka sokoni. Alikataa kuamini. Alisema nimelogwa au nimehongwa. Nikamwonyesha karatasi. Alisema kemia yangu haimhusu. Nimemhesabu hata hivyo, nilichoagizwa ni kuwaambia.

1 Machi

Gari limerudi. Tangi limeoshwa, chujio jipya, plagi ni zilezile za Limbe, amezisugua zikang'aa. Klachi mpya. Sasa mimi ndiye dereva. Petroli nilipanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, nikasahihisha madaftari ya kidato cha pili hadi adhuhuri.

3 Machi

Taa haikuwaka. Mvua.

5 Machi

Taa haikuwaka. Mvua ya mawe, imevunja kioo cha maabara.

9 Machi

Akina mama watatu waliobaki. Wa mwisho ni mgonjwa, nilimfuata nyumbani. Aliniomba nimpigie Laiford simu palepale ili naye amwombe radhi, kwa sababu alikuwa amemkatalia mkewe mkopo wa chama. Hilo sikulijua.

14 Machi

Walimu wawili. Imebaki mtu mmoja.

17 Machi

Nilipita gereji. Magari matatu. Moja ni la mwalimu wa hisabati. Laiford ameazima mashine ya mtu hadi apate yake. Mkewe alikuwepo, ameketi mlangoni na kapu la usipa, wale dagaa wa ziwani. Hakuitika salamu yangu. Sikutarajia aitike.

25 Machi

Taa haikuwaka. Mvua zimepungua, mlima unaonekana mpaka kileleni.

5 Aprili, Jumamosi

Mangochi. Nilimwambia Gresham nakwenda kumwona Bwana Chitsonga, akasema atanisindikiza. Nikamwambia ningeweza kupiga simu. Akasema kwa simu mtu anaweza kusema lolote huku anapika, twende. Alikaa kiti cha kushoto, mguu ameunyoosha juu ya mto. Mpaka Liwonde alikuwa akiniagiza gia. Baada ya Liwonde alichoka akaacha, na nadhani niliendesha vizuri zaidi.

Bwana Chitsonga alitupokea vizuri. Nyumba yake mpya ina joto, na ua umejaa kuku. Mkewe alileta chai. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya Laiford fundi.

"Laiford yupi?"

Nikamkumbusha: mwezi wa kwanza, chumba cha walimu, wakati wa chai, plagi zilizokuwa kwenye mkoba wangu. Alifikiri kwa dhati, akijikuna kidevu. Akasema siku ile alikuwa amepigiwa simu ya uhamisho asubuhi, alikaa pale na kikombe lakini hakusikia neno la mtu yeyote.

Kwa hiyo ilinibidi nianze mwanzo. Ilinibidi nimweleze kwanza kwamba Laiford ni mwizi, kwa maneno yaleyale niliyoyatumia, na ushahidi wote, maana bila hayo, haya ya pili hayana maana. Kisha nikamweleza kwamba si kweli. Nilifika mahali pa uwanja wa mpira nikasita, lakini Gresham akasema, "Endelea, mwambie," nikaendelea. Ilichukua karibu saa nzima. Bwana Chitsonga alisikiliza kwa adabu yote, na mwishoni akasema pole kwa mguu, na kwamba fundi huyo anaonekana mtu mwema.

Tulipoingia garini Gresham alianza kucheka. Alicheka kimya kwanza, mabega tu, kisha kwa sauti, akifuta machozi kwa kofia. Alisema mke wake amesafiri mpaka Mangochi kwenda kumsingizia mtu upya. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu kabla ya mvua. Nilikaza uso mpaka tukafika njia panda ya Malombe, kisha nikashindwa, nikapaki pembeni mpaka tulipomaliza.

Taa haikuwaka. Mvua haikunyesha. Kilomita mia mbili na arobaini kwenda na kurudi. Mafuta yalitiwa jana, kituoni.

Jumatatu nitamwambia Laiford kazi imekwisha. Nilifikiri nisimtajie kwamba huyu wa mwisho hakuwa amesikia. Lakini nitamtajia. Alitaka hesabu, na hesabu sahihi ni kumi na tatu.